Mkanda wa jeshi unapovamia sikio na kupindisha uso

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MKAZI wa Karatu anapoamka asubuhi na kuona maji ya kusukutua yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo, jicho la upande huohuo halifumbi na sikio linamuuma kana kwamba limechomwa kwa sindano ya moto, majirani huwa na majibu matatu tayari. Wapo watakaosema ni kiharusi. Wapo watakaosema amepigwa na upepo wa baridi ushukao kutoka milima ya Ngorongoro. Na wapo watakaonong'ona kwamba amerogwa.

Jibu la nne, ambalo ni nadra kusikika barazani, ni mkanda wa jeshi.

Wengi tumezoea kuuona mkanda wa jeshi kifuani au kiunoni, nako ndiko lilikotoka jina lake: msitari wa malengelenge yanayouma, uliozunguka upande mmoja wa mwili mithili ya mkanda wa askari. Kinachosahaulika ni kwamba maradhi hayo hufuata mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo ipo mwili mzima, usoni na sikioni pia. Yakivamia mshipa unaotawala misuli ya uso, malengelenge hujitokeza ndani ya sikio au kwenye ndewe, na upande huo wa uso hupooza. Kitaalamu hali hiyo hujulikana kama maradhi ya Ramsay Hunt.

Jina hilo ni la daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyeeleza mwaka 1907 uhusiano kati ya malengelenge ya sikioni na kupooza kwa uso. Kwa takribani karne moja maradhi hayo yaliishi zaidi ndani ya vitabu vya udaktari. Yalitoka hadharani Juni 2022, pale mwanamuziki Justin Bieber wa Canada alipojitokeza kwenye video akiwaonyesha mashabiki wake kuwa jicho lake moja halipepesi na upande mmoja wa uso hautabasamu, akaahirisha maonyesho yake. Alikuwa na umri wa miaka 28. Vijana wengi wa mijini walilisikia neno Ramsay Hunt kwa mara ya kwanza siku hiyo, na baadhi yao walidhani ni ugonjwa wa Wazungu matajiri. Sivyo. Kirusi kinachousababisha kimo ndani ya miili ya watu wengi mno, wa Karatu na Ngorongoro wakiwamo.

Tetekuwanga isiyoondoka

Kirusi hicho ni kilekile cha tetekuwanga, yaani varisela zosta. Mtoto akiugua tetekuwanga hupona, vipele vikakauka, mama akasahau. Kirusi chenyewe hakitoki. Hujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu na kulala humo miaka 20, 40 au 60. Siku kinga ya mwili ikilegea, kwa uzee, maradhi mengine, dawa kali au uchovu wa muda mrefu, huamka na kusafiri kwa kufuata mshipa hadi kwenye ngozi.

Waliochangia kulijua jambo hili hawakuwa watu wa maabara peke yao. Mmoja wao alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, Edgar Hope-Simpson, ambaye kwa miaka mingi aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake mwenyewe, na mwaka 1965 akachapisha hoja kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka. Inafaa kulikumbuka hilo katika wilaya ambazo rejista ya zahanati huonekana kama karatasi za kujaza tu.

Katika nchi za joto kuna jambo moja la kuongeza. Wakati Ulaya tetekuwanga huwapata karibu watoto wote kabla ya umri wa miaka 10, huku kwetu wengi huipata wakiwa wakubwa kidogo, na wengine wakiwa watu wazima kabisa. Chanjo yake ipo duniani tangu ilipobuniwa nchini Japani katika miaka ya 1970 na Dk Michiaki Takahashi, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wa Tanzania. Chanjo ya mkanda wa jeshi kwa watu wazima nayo ni ghali, na haimo katika huduma za kawaida za hospitali za wilaya.

Kwa nini sikio? Mshipa wa fahamu wa uso, ambao ni wa saba kati ya jozi 12 zitokazo kwenye ubongo, hupita ndani ya njia nyembamba ya mfupa jirani na sikio la ndani kabla ya kujitokeza nyuma ya taya na kutawanyika usoni. Ndani ya njia hiyo kuna kifundo, na ndimo kirusi hulala. Kinapoamka, mshipa huvimba. Mfupa hautanuki. Mshipa uliobanwa hukosa damu ya kutosha, na saa zinavyopita nyuzi zake huanza kufa.

Jirani yake, ndani ya mfupa huohuo, unapita mshipa wa kusikia na wa kuweka mwili sawa. Ndiyo maana mgonjwa wa Ramsay Hunt, tofauti na aliyepooza uso kwa sababu nyingine, mara nyingi hulalamikia pia mlio sikioni, kusikia kwa shida na kizunguzungu kinachomfanya ashikilie ukuta. Ladha ya chakula hupotea sehemu ya mbele ya ulimi. Wengine hupata malengelenge kwenye kaakaa au ulimini, wasijue kwamba yana uhusiano wowote na sikio.

Kisichojulikana kwa wengi ni mpangilio wa dalili. Mara nyingi maumivu ya sikio hutangulia kwa siku moja hadi tatu kabla ya lengelenge lolote kuonekana. Katika siku hizo mgonjwa huenda duka la dawa, huelezwa kuwa ana usaha sikioni na hupewa matone na vidonge vya antibayotiki, dawa ambazo haziui virusi. Wapo ambao uso hupooza kwanza na malengelenge huja baadaye, na wapo ambao hayaonekani kabisa. Huo ndio mtego unaowanasa hata wahudumu wazoefu.

Si kiharusi, na wala si upepo

Namna ya kutofautisha na kiharusi inafaa ijulikane nyumbani, kwa kuwa haihitaji kipimo. Mwambie mgonjwa ainue nyusi kama anayeshangaa. Kwenye kiharusi kilichopindisha mdomo, kwa kawaida paji la uso hukunjamana pande zote mbili, kwa sababu misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote za ubongo. Mshipa wenyewe wa uso ukiwa umeumia, paji la upande huo hubaki laini, halikunjami. Hata hivyo, kipimo hiki si ruhusa ya kukaa nyumbani. Mkono au mguu ukilegea, au mtu akishindwa kuzungumza, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitalini bila kuanza kutazama nyusi.

Kuna pia kupooza kwa uso kusikokuwa na malengelenge wala maumivu makali ya sikio, kunakoitwa kupooza kwa Bell. Huku ndiko kunakotokea zaidi, na hapa ndipo kisa cha upepo na uchawi kinapopata nguvu. Mtafiti wa Denmark, Erik Peitersen, aliyefuatilia wagonjwa wasiopewa dawa yoyote, alichapisha mwaka 2002 matokeo yanayoonyesha kuwa asilimia 71 ya wenye kupooza kwa Bell walirudi katika hali ya kawaida wenyewe. Fikiria maana yake: mganga wa kienyeji, mchuaji, muuza mafuta ya mbuni, hata anayefunga uzi mwekundu mkononi, kila mmoja ana uhakika wa kuponya watu 7 kati ya 10 bila kufanya lolote. Sifa huenea haraka.

Ramsay Hunt haina huruma hiyo. Katika kazi hiyohiyo ya Peitersen, waliopooza kwa mkanda wa jeshi na kurudi sawasawa bila dawa walikuwa kiasi cha mtu mmoja kati ya watano. Mganga aliyempona jirani mwaka jana atashindwa safari hii, na mgonjwa atakuwa amepoteza siku zilizokuwa na thamani.

Siku tatu

Thamani ya siku hizo inajulikana kwa kiasi kizuri. Mwaka 1997 madaktari wa Japani wakiongozwa na Dk Shingo Murakami walitoa taarifa ya wagonjwa 80 wa Ramsay Hunt waliotibiwa kwa dawa ya kuzuia virusi, asikloviri, pamoja na prednisoloni ya kupunguza uvimbe. Walioanza dawa ndani ya siku 3 tangu uso upooze, asilimia 75 walipona kabisa. Walioanza kati ya siku ya 4 na ya 7 walikuwa asilimia 48. Waliochelewa zaidi ya wiki, asilimia 30. Idadi ya wagonjwa ni ndogo na huo haukuwa utafiti wa majaribio makubwa, lakini hakuna daktari makini anayesubiri ushahidi zaidi wakati mshipa unabanwa.

Siku 3 mjini Dar es Salaam ni muda mrefu. Katika Tarafa ya Ngorongoro ni muda mfupi sana. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lina ukubwa wa kilometa za mraba 8,292, na hospitali inayotegemewa ndani yake ni ya Endulen, ya Kanisa Katoliki. Kaskazini mwa wilaya, kuelekea mpaka wa Kenya, ipo Hospitali ya Wasso. Anayeishi Nainokanoka au Kakesio na kuumwa sikio Jumatatu, kwanza atasubiri lipoe, kisha atasubiri gari, kisha atasubiri fedha ya mbuzi atakayeuzwa mnadani. Jumatatu inayofuata ndiyo anayoonana na tabibu.

Karatu ina nafuu. Mji upo kwenye barabara ya lami itokayo Arusha, yapata kilometa 150, na una Hospitali ya Kilutheri ya Karatu pamoja na hospitali ya FAME, ambayo tangu miaka ya mwanzo ya 2010 imekuwa ikipokea kwa vipindi madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, wanaofanya kliniki hapo na vijijini pamoja na madaktari wenyeji. Kwa mgonjwa wa kifafa au wa kutetemeka mikono, kliniki za namna hiyo ni neema kubwa, maana mabingwa wa fani hiyo nchini ni wachache na wengi wapo Dar es Salaam. Kwa Ramsay Hunt, ambayo haisubiri msimu wa bingwa, mtu wa maana zaidi ni ofisa tabibu wa zahanati ya Rhotia au Mang'ola atakayechukua tochi, hata ya simu, na kuchungulia ndani ya sikio kabla ya kuandika matone.

Kisha kuna suala la dawa yenyewe. Asikloviri si dawa adimu. Tatizo ni wingi wake. Dozi iliyozoeleka kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 200, hivyo mgonjwa humeza vidonge 4 kila mara, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Mgonjwa asiyeelezwa vizuri hushangaa, huona amekosewa hesabu, hununua vidonge 30 na kumeza kimoja kimoja. Mwingine hununua tyubu ndogo ya asikloviri ya kupaka, ile ya vidonda vya mdomo, na kuipaka sikioni. Haifiki kwenye mshipa. Hakuna anayepaswa kujipimia dozi mwenyewe, hasa mwenye maradhi ya figo, ambaye hupunguziwa. Prednisoloni nayo hupandisha sukari kwa mwenye kisukari na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo daktari lazima aelezwe ukweli wote kabla ya kuiandika.

Hofu ya kupimwa

Umbali na fedha ni sababu mbili za kuchelewa. Ya tatu haizungumzwi waziwazi, nayo pengine ndiyo nzito kuliko zote.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Afrika Mashariki waliona kwamba kijana anayepata mkanda wa jeshi mara nyingi ana Virusi vya Ukimwi (VVU). Hawakukosea. Shirika la Afya Duniani liliuweka mkanda wa jeshi katika hatua ya pili ya dalili za VVU, na mwenye VVU asiyetumia dawa yu katika hatari kubwa mara nyingi zaidi ya kuupata. Mtaani taarifa hiyo iligeuka hukumu: ukionekana na mkanda, umeshahesabiwa. Watu wakajifunza kuficha malengelenge chini ya shati. Ya usoni na sikioni hayafichiki chini ya shati, hivyo mtu hujifungia ndani au hujifunika shuka kichwani, na siku tatu zikapita.

Ni kweli kwamba kila mtu mzima aliyepata mkanda wa jeshi, hasa akiwa kijana, anapaswa kupimwa VVU. Ni kweli vilevile kwamba wengi wanaoupata hawana VVU kabisa: bibi wa miaka 70, mwenye kisukari, aliye kwenye matibabu ya saratani, hata mtu mzima mwenye afya njema asiye na sababu yoyote inayoonekana. Na anayekutwa navyo leo hayuko katika nchi ya mwaka 1990. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022/23, maambukizi kwa Watanzania wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 4.4, na tangu mwaka 2016 sera ni kumwanzishia dawa za ARV kila anayegundulika, bila kusubiri kinga ishuke. Mtu huyo anatibiwa sikio na kinga kwa wakati mmoja. Aelezwe tu kwamba mkanda unaweza kujitokeza pia katika miezi ya kwanza ya ARV, kinga inapoanza kuamka, na hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Wilaya ya Ngorongoro inaijua hofu hii kuliko nyingine. Ndiko kiliko kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mwaka 2011 misururu ya magari kutoka nchi nzima na nchi jirani ilifuata kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, kwa Sh500, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, aliyefariki dunia Julai 2021. Walikwenda wenye kisukari, saratani na Ukimwi, na wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Barabara ilikuwa mbovu vilevile, na watu walifika. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba wananchi hawa hawapendi kusafiri kutafuta tiba. Husafiri haraka pale wanapoamini hawataulizwa maswali ya aibu.

Jicho lisilofumba

Wakati mjadala wa dawa na vipimo ukiendelea, kuna kiungo kinachoharibika kimyakimya. Jicho lisilofumba hukauka. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, hupata mikwaruzo, kisha kidonda, kisha kovu, na kovu la konea ni upofu. Karatu ipo takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ni za upepo mkavu, na kiangazi udongo mwekundu hupaa kila gari linapopita. Katika jamii za wafugaji wa Ngorongoro ambako vikope bado huwasumbua watu, jicho lenyewe huenda lilishaumia kabla.

Kinga yake ni ya gharama ndogo kuliko dawa zote zilizotajwa: matone ya kulainisha jicho mchana mara kwa mara, dawa ya mafuta ya macho wakati wa kulala, kisha kope kufungwa kwa plasta nyepesi hadi asubuhi. Pamba isiwekwe moja kwa moja juu ya jicho lililo wazi, kwa kuwa huikwaruza konea. Miwani, hata ya jua, husaidia njiani. Jicho likianza kuwa jekundu, kuuma au kuona ukungu, mgonjwa aonwe na mtaalamu wa macho siku hiyohiyo. Na maziwa ya mama, mkojo wa ng'ombe au maji ya majani yasitiwe humo.

Familia nayo ina swali lake la haki: je, inaambukiza? Mkanda wa jeshi hauambukizi mkanda wa jeshi. Lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, na hiyo ni hatari kwa mjamzito, mtoto mchanga na mwenye kinga dhaifu. Mgonjwa asishiriki nao taulo wala kulala nao hadi malengelenge yakauke na kufanya magaga. Kula pamoja na kuzungumza naye hakuna tatizo.

Uso haurudi kwa siku moja. Nyuzi za mshipa zilizokufa huota upya kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku, hivyo kurejea kwa tabasamu huchukua miezi. Mazoezi ya taratibu mbele ya kioo, chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo, husaidia. Kutafuna ubani kwa nguvu kutwa nzima hakusaidii. Wapo ambao nyuzi huota zikapotea njia, na jicho likawa linafumba lenyewe kila wanapocheka, au machozi yakawatoka wakati wa kula. Anayemaliza miezi mitatu au minne bila msuli wowote kucheza anapaswa kupelekwa kwa mabingwa wa masikio, pua na koo, kama wale wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, achunguzwe upya, kwa kuwa huenda kilichoubana mshipa wake tangu mwanzo hakikuwa kirusi bali ni uvimbe.